Kusimulia kwa Kidenmaki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nyakati za vitenzi

Maswali haya nimeyakusanya kwa wenzangu ambao, kama mimi, walikutana na Kidenmaki wakiwa tayari wamelelewa na Kiswahili. Wengine waliniuliza kwenye treni, wengine walinipigia simu usiku wa kuamkia mtihani. Sikuyapanga kwa ugumu. Yale yanayosumbua zaidi nimeyapa nafasi zaidi.

Kidenmaki kina nyakati ngapi, na nikisimulia nishike upi?

Utakazozitumia kila siku ni nne: nutid (jeg skriver, naandika), datid (jeg skrev, niliandika), førnutid (jeg har skrevet, nimeandika) na førdatid (jeg havde skrevet, nilikuwa nimeandika). Ukisimulia, shika datid. Nyingine utazichomoa pale unapokuwa na sababu, kisha urudi kwenye datid.

Unafuu wake ni kwamba kitenzi hakijali nani anatenda: jeg skrev, du skrev, de skrev. Ukikuta vi ere au de vare kwenye kitabu cha zamani, usishtuke. Hayo ni maumbo ya wingi ya enzi hizo, leo hakuna anayeyaandika.

Kwa Kiswahili nasema "nilikwenda, nikanunua, nikarudi". Hiyo -ka- kwa Kidenmaki iko wapi?

Haipo. Nadhani makosa mengi tunayoandikiwa kwa kalamu nyekundu yanaanzia hapa, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

Tazama: "Nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi nyumbani, nikapika." Ni -li- moja tu. Baada yake -ka- haina wakati wake yenyewe, inaazima ule uliokwisha kutajwa. Masikio yetu yamezoea kwamba wakati ukishawekwa mwanzoni, vitenzi vinavyofuata vinapanda gari lile lile. Ndipo mtu anaandika *Jeg gik på torvet, købe fisk, gå hjem*. Kichwani kwake wakati umeshatajwa, kwa hiyo anaona yaliyobaki yanajulikana. Kwa Mdenmaki hayajulikani. Kila kitenzi lazima kilipe nauli yake:

Jeg gik på torvet, købte fisk, gik hjem og lavede mad.

Gik, købte, gik, lavede: vyote vinne ni datid. Kiima unaweza kukitaja mara moja tu, mradi vitenzi vinafuatana bila neno jingine kuingia mbele yao, na hapo utapata mwendo unaokaribia sana ule wa -ka-.

Kuna jambo la pili ambalo -ka- hulifanya kimyakimya: hutuambia hili lilifuata lile. Datid haisemi hivyo. Hun lavede mad og hørte radio ina datid mbili, lakini mama hakupika kwanza ndipo akasikiliza redio. Alifanya yote pamoja. Msomaji anaelewa kwa akili ya kawaida. Pale akili ya kawaida haitoshi, utumie maneno: så (halafu), derefter (baada ya hapo), bagefter (baadaye), lidt efter (punde), pludselig (ghafla), til sidst (hatimaye), næste morgen (asubuhi yake). Usitumie så peke yake mwanzo hadi mwisho. Hadithi ya og så, og så, og så ni ya mtoto wa chekechea, na mwalimu wako atakwambia hivyo hivyo bila kupepesa macho.

Mbona naambiwa "I går jeg gik" ni kosa na kitenzi kiko sawa?

Kitenzi ni sahihi, kimekaa mahali pabaya. Katika sentensi kuu ya maelezo, kitenzi kilichobeba wakati hukaa nafasi ya pili. Ukianza na i går, nafasi ya kwanza imeshachukuliwa, kitenzi kinafuata na kiima kinasogea nyuma: I går gik jeg. Så købte jeg fisk. Pludselig ringede telefonen. Hata kishazi kizima kikikaa mbele huhesabiwa kuwa nafasi moja: Da jeg kom hjem, ringede telefonen. Na baada ya maneno ya mhusika ni vivyo hivyo: »Kom ind,« sagde hun, si hun sagde.

Kwa kuwa masimulizi yamejaa maneno ya wakati mwanzoni mwa sentensi, utakutana na kanuni hii karibu kila mstari.

Kwa hiyo -me- ndiyo førnutid?

Nusu ya kazi zake, ndiyo. "Amekuja" ni han er kommet, "nimekula" ni jeg har spist. Mitego ipo miwili.

Mtego wa kwanza ni tarehe. Mitaani tunasema "amekuja jana" na hakuna anayelalamika. Kidenmaki hakitaki førnutid ikae pamoja na wakati uliokwisha kufungwa. Ukishataja i går, i lørdags, sidste år, for tre år siden au i 2019, ni datid: Han kom i går. Førnutid ni ya jambo ambalo mlango wake bado uko wazi. Jeg har boet i Aarhus i tre år maana yake bado niko. Jeg boede i Aarhus i tre år maana yake nilishahama. Kwenye mazungumzo mtu hufungua habari kwa førnutid, halafu anahamia datid mara anapoanza kusimulia: Jeg har været i Odense. Jeg var der i lørdags, og det regnede hele dagen.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, na sijauona kwenye kitabu chochote tulichopewa darasani, pengine kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yetu. Kiswahili hutumia -me- kwa hali aliyo nayo mtu sasa hivi: amekaa, amesimama, amelala, amevaa koti, amechoka. Kidenmaki husema han sidder, han står, han sover, han har frakke på, han er træt. Zote ni nutid. Ukizirudisha nyuma zinakuwa datid ya kawaida, si førdatid.

Mwenzangu mmoja alitaka kuandika "alikuwa amelala nilipoingia". Akaandika Han havde sovet, da jeg kom ind. Kitenzi kimenyambuliwa bila kosa, lakini maana imepinduka: Mdenmaki anasoma kwamba jamaa alikuwa ameshalala na sasa yuko macho. Alichotaka ni Han sov, da jeg kom ind, au Han lå og sov. Vivyo hivyo "alikuwa amekaa dirishani" ni hun sad ved vinduet. Kabla hujaandika havde, jiulize: hicho kitendo kilikuwa kimeisha, au ni hali iliyokuwa inaendelea? Kama inaendelea, datid inatosha.

"Nilikuwa nikisoma" nitaisemaje?

Mara nyingi jeg læste inatosha, maana datid inabeba "nilisoma" na "nilikuwa nasoma". Ukitaka kuonyesha kwamba kitendo kilikuwa katikati, njia ya kienyeji ni kutaja mwili ulikuwa umekaaje: jeg sad og læste (nilikuwa nimekaa nasoma), hun stod og ventede (alikuwa amesimama anasubiri), han gik og tænkte på det (alikuwa akiliwaza jambo hilo kutwa nzima, si lazima awe anatembea). Angalia vitenzi vyote viwili viko datid. *Sad og læse* ni kosa linalopatikana kila darasa. Ipo pia var ved at: jeg var ved at lave mad, nilikuwa katikati ya kupika.

Kwa -ki- ya "nilimwona akivuka barabara" Kidenmaki hutumia umbo la ku- bila at: Jeg så ham gå over vejen. Na "alikuja akikimbia" ni han kom løbende. Hiyo -ende baada ya komme ni tamu kwenye masimulizi, itumie.

Mazoea ya zamani ("tulikuwa tukila samaki kila Ijumaa") yana kitenzi chake: vi plejede at spise fisk om fredagen.

Da au når?

Tukio la mara moja, au kipindi kimoja kilichopita, ni da: Da jeg var barn, boede vi i Kigoma. Jambo la kila mara ni når, hata kama limepita: Når min bedstemor fortalte, sad vi helt stille, kila bibi aliposimulia tulikaa kimya. Yajayo pia ni når. Kiswahili kina "nilipo-" kwa la kwanza na "kila nilipo-" kwa la pili. Kama "kila" inaingia bila kuharibu maana, andika når.

Er kommet au har kommet?

Er kommet. Vitenzi vya kuhama na kugeuka hali huchukua være (kuwa): er gået, er rejst, er faldet, er blevet, er stået op. Vingi vilivyobaki huchukua have (kuwa na). Kinachochanganya ni vitenzi vinavyokubali vyote kwa maana tofauti. Hun er rejst: ameondoka, hayupo. Hun har rejst i hele Østafrika: amesafiri Afrika Mashariki yote, na huenda yuko jikoni kwako sasa. Han er gået, ameondoka. Jeg har gået i skole i Mwanza, nimesoma shule Mwanza. Være hutazama mahali mtu alipofikia, have hutazama shughuli yenyewe. Kwenye førdatid ni vivyo hivyo: var gået, havde gået.

Førdatid niitumie lini, na je, niiendeleze kwenye kila sentensi?

Unapotoka kwenye mstari wa hadithi kwenda nyuma yake. Da jeg kom ned på stationen, var toget kørt: nilipofika stesheni, treni ilikuwa imeshaondoka. Ukiandika kørte toget, treni inaondoka wewe ukifika, na hadithi inakuwa nyingine.

Ukirudi nyuma kwa aya nzima, sentensi moja au mbili za kwanza ziwe førdatid ili msomaji ajue amepelekwa wapi, halafu unaweza kuendelea na datid. Havde tisa mfululizo zinachosha. Ila ukirejea kwenye hadithi yako, weka alama, mfano Nu stod jeg altså på perronen, basi sasa nikawa nimesimama pale jukwaani.

Wadenmaki wenyewe wanasimulia kwa nutid! Nimewasikia kazini.

Umesikia vizuri. Inaitwa dramatisk nutid: Jeg stod på perronen, og så kommer der en mand hen til mig og siger... Hapo ndipo mambo yanapochacha, na msimuliaji anamleta msikilizaji pale pale kwenye tukio. Kwa mdomo hakuna atakayekuuliza. Kwenye maandishi wenyeji huweza kuingia na kutoka kwa ustadi, ila wewe ukifanya hivyo kwenye mtihani msahihishaji hatajua kama ni mbinu au umepotea. Kwa Prøve i Dansk 2 au 3 (mitihani ya Kidenmaki kwa wageni) ningebaki na datid. Ukishapasua, cheza utakavyo.

Sehemu mbili nutid ni halali kabisa. Ukifupisha kisa cha kitabu au filamu, andika kwa nutid: Manden rejser hjem og finder huset tomt. Na jambo ambalo ni kweli hata leo halilazimiki kurudi nyuma pamoja na hadithi: Vi kørte til Skagen, som ligger længst mod nord. Mji bado uko kule kule kaskazini.

Nikiripoti maneno ya mtu, kitenzi kibaki vilevile?

Kwa Kiswahili tunasema "alisema ni mgonjwa", na "ni" inabaki. Kidenmaki kwa kawaida hurudisha hatua moja nyuma: Hun sagde, at hun var syg. "Aliuliza kama nimekula": Hun spurgte, om jeg havde spist. "Alisema atakuja kesho": Hun sagde, at hun ville komme dagen efter. Kwa hiyo nutid inakuwa datid, førnutid inakuwa førdatid, vil inakuwa ville. Na kesho inakuwa dagen efter, kwa kuwa kesho ya hadithi si kesho ya msomaji.

Nitakumbukaje datid ya kila kitenzi?

Yapo makundi mawili ya kawaida na rundo la wakorofi. Kundi kubwa huchukua -ede: ventede, lavede, snakkede. Vitenzi vipya navyo huingia humo. La pili huchukua -te: købte, spiste, læste, rejste. Wakorofi hubadilisha sauti ya ndani, na kwa bahati mbaya ndio wenye hadithi mikononi: gik, kom, så, tog, fik, blev, sagde, gjorde, stod, sad, lå, fandt, skrev, drak. Anza na hao kabla ya kingine chochote, maana bila kom, gik na sagde huwezi kusimulia hata safari ya dukani.

Angalia jozi: lå ni "alikuwa amelala au kitu kilikuwa kimelala", lagde ni "aliweka". Sad ni kukaa, satte ni kuweka au kukalisha. Billedet hang på væggen, picha ilikuwa imening'inia. Jeg hængte billedet op, niliitundika.

Kunne, skulle na ville zina datid inayofanana na umbo la ku-. Kabla ya mageuzi ya tahajia ya 1948 datid iliandikwa kunde, skulde, vilde, na kwenye vitabu vya zamani utaziona.

Usitegemee sana masikio. Mdenmaki akisema kwa kasi, -ede humezwa, na køre (umbo la ku-) na kører (nutid) hutamkwa sawa, kiasi kwamba hata wao wenyewe hukosea kuandika. Dawa wanayofundishana shuleni ni kuweka spise mahali pa kitenzi chenye utata. Kama ungesema spiser, andika kører. Ukikwama, Den Danske Ordbog iko bure mtandaoni na huonyesha maumbo ya kila kitenzi.

Nataka kusema "nusura nianguke" na "kwa bahati mbaya nikamwaga". Kuna njia?

Zipo, na zitaipa hadithi yako damu. Jeg var lige ved at falde, nusura nianguke. Jeg kom til at vælte kaffen, nikamwaga kahawa bila kukusudia. Jeg nåede ikke at svare, sikuwahi kujibu. Jeg skulle lige til at gå, da telefonen ringede, nilikuwa ndiyo naondoka simu ikalia. Angalia tofauti ya neno moja: jeg var ved at falde i søvn, usingizi ulikuwa unaninyemelea, ukiongeza lige unasogea hadi ukingoni.

I morges na i morgen ni kitu kimoja?

La! I morges ni asubuhi ya leo iliyokwisha pita, inataka datid. I morgen ni kesho. I aftes ni jana jioni, i aften ni jioni ya leo. I lørdags imepita, på lørdag inakuja. Kile ki-s cha mwisho hutazama nyuma. I nat haina msimamo, kitenzi ndicho huamua: I nat regnede det, usiku wa kuamkia leo ilinyesha.

Unaweza kunionyesha aya mbovu na ilivyorekebishwa?

Hii nimeitunga kwa makosa yetu ya kawaida:

*I lørdags jeg har taget toget til Randers. Toget er fuldt. En gammel kone havde siddet ved vinduet og sove. Efter Hadsten der bliver en plads ledig, og når jeg sætte mig, hun vågner og spurgte, om vi er kørt fra Aarhus.*

Na iliyosafishwa:

I lørdags tog jeg toget til Randers. Toget var fuldt. En gammel kone sad ved vinduet og sov. Efter Hadsten blev der en plads ledig, og da jeg satte mig, vågnede hun og spurgte, om vi var kørt fra Aarhus. Hun skulle være stået af i Hadsten.

I lørdags imefunga wakati, kwa hiyo tog, na kiima kimesogea nyuma. Bibi hakuwa amemaliza kukaa, alikuwa bado amekaa: sad, sov. Nilikaa mara moja: da. Kuondoka Aarhus kulitangulia swali lake, na kitenzi ni cha kuhama: var kørt. Sentensi ya mwisho niliiongeza mimi, maana bila hiyo msomaji hajui kwa nini nasimulia. Maana yake: alitakiwa awe ameshashuka Hadsten, kituo kilicho kati ya Aarhus na Randers.

Mwenyeji wangu alisema "Det var en god suppe!" na kijiko bado kiko mdomoni. Kwa nini datid?

Si masimulizi, ni hukumu. Wadenmaki hutumia datid kusifu kitu kilicho mbele yao: Det var da en flot kjole! Det var godt, du kom. Hutumia pia kwa adabu, Hvad var det, du hed? wakiuliza jina ulilokwisha kuwatajia. Mara ya kwanza kusikia sifa hiyo nilidhani mgeni ameshiba, nikaondoa bakuli mbele yake.